Tanga Kiasi Gani? Hesabu ya Upepo kwa Ngalawa za Fumba

Asubuhi ya mwezi wa Julai, kabla jua halijapanda, pwani ya Fumba huwa imetulia. Ngalawa zimelala mchangani, maji yanaanza kutoka, na upepo ni mdogo kiasi kwamba moshi wa jikoni hupanda karibu wima. Nahodha hutazama mbingu, akatazama bahari upande wa kisiwa cha Kwale, kisha huamua jambo moja kabla ya kusukuma chombo majini: atafunga tanga lipi kwenye foromali. Je, lile kubwa litakalomfikisha mapema wakati upepo ungali mdogo, au lile dogo litakalomrudisha salama mchana upepo utakapokaza?

Uamuzi huo huchukua dakika chache, lakini ukishafanywa si rahisi kuutengua katikati ya bahari. Mabaharia wetu wameufanya kwa vizazi vingi kwa kutegemea uzoefu, na aghalabu wamepatia. Makala haya hayakusudii kumfundisha nahodha kazi yake. Yanakusudia kumwonyesha mwanafunzi wa sekondari kwamba ndani ya uamuzi huo mna sheria za fizikia anazosoma darasani, na kwamba sheria hizo zinaweza kumsaidia yeyote apandaye chombo cha tanga, awe anakwenda kuvua, kutembeza wageni au kushindana katika resi.

Fumba na pepo zake

Rasi ya Fumba imechomoza kuelekea kusini katika upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Unguja. Magharibi yake ni mkondo wa bahari unaotenganisha Unguja na bara. Mashariki yake ni Ghuba ya Menai, ambayo mwaka 1997 ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Ndani ya ghuba hiyo mna visiwa vidogo kama Kwale na Pungume, pamoja na miamba na mafungu ya mchanga ambayo wavuvi huyafahamu kwa majina.

Pepo kuu ni mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi, hasa katika miezi ya Juni na Julai. Kati ya misimu hiyo huja maleleji, wakati pepo zinapobadilika-badilika. Aidha, katika siku moja upepo haubaki vilevile: mara nyingi alfajiri huwa mdogo, na hukaza kadiri jua linavyopasha joto nchi kavu.

Kutokana na hali hiyo, anayechagua tanga kwa kutazama upepo wa alfajiri huchagua tanga la safari ya kwenda tu. Safari ya kurudi itakuwa na upepo wake.

Upepo husukuma kwa kiasi gani?

Hewa ina uzito. Katika joto la pwani yetu, meta moja ya ujazo ya hewa ina masi ya karibu kilogramu 1.2. Hewa hiyo inapokwenda kwa kasi na kukutana na tanga, hubadilishwa mwelekeo, na tanga hupata kani. Kanuni yake ni hii: kani, kwa nyutoni, ni sawa na nusu ya densiti ya hewa, mara kasi ya upepo kipeo cha pili, mara eneo la tanga, mara kizidishi kinachotegemea umbo la tanga na pembe yake kwa upepo. Kwa tanga lililojaa vizuri, kizidishi hicho hakiko mbali na 1. Kwa hiyo, kwa makadirio ya kutosha kazi yetu, tunaweza kuandika:

Kani = 0.6 × V × V × A

ambapo V ni kasi ya upepo kwa meta kwa sekunde, na A ni eneo la tanga kwa meta za mraba.

Msomaji atazame vizuri V. Imeandikwa mara mbili. Maana yake ni kwamba upepo ukiongezeka mara 2, kani haiongezeki mara 2 bali mara 4. Ukiongezeka mara 3, kani huongezeka mara 9. Hapa ndipo hisia za binadamu zinapodanganya. Mtu akiona upepo umezidi kidogo, hudhani mzigo wa tanga nao umezidi kidogo. Upepo ukitoka meta 5 hadi meta 7 kwa sekunde, ngozi ya uso haioni tofauti kubwa, lakini kani katika tanga imekwisha kuongezeka karibu mara 2.

Hebu tuchukue mfano. Tanga la ngalawa ni la pembe tatu. Tuseme upande uliofungwa kwenye foromali ni meta 7, na pande nyingine mbili ni meta 6 na meta 5. Mwanafunzi anaweza kupata eneo lake bila kupima kimo, kwa kutumia kanuni ya Heron. Nusu ya jumla ya pande ni 9. Eneo ni kipeo cha pili cha asili cha 9 × (9 − 7) × (9 − 6) × (9 − 5), yaani cha 216, ambacho ni karibu 14.7. Tuseme meta 15 za mraba.

Upepo ukiwa meta 5 kwa sekunde, tanga hili hupata kani ya nyutoni 225. Ukiwa meta 7, kani ni nyutoni 441. Ukiwa meta 10, ni nyutoni 900, ambayo ni karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 90 uliotundikwa ubavuni mwa mlingoti.

Kinachozuia chombo kisipinduke

Kani ya tanga haisukumi chombo mbele tu. Chombo kinapokwenda kwa kupiga bisho, yaani kuupanda upepo kwa kukata huku na huku, sehemu kubwa ya kani hiyo husukuma kwa ubavuni. Isitoshe, haisukumi usawa wa maji. Husukuma juu, mahali ambapo panaweza kuitwa kitovu cha tanga. Hiyo ni nyenzo. Urefu wa nyenzo ni kimo cha kitovu juu ya maji, na kani ikizidishwa kwa kimo hicho tunapata momenti inayotaka kupindua chombo.

Tuseme kitovu cha tanga letu kipo meta 3 juu ya maji, na kwa ajili ya usalama tuhesabu kana kwamba kani yote ni ya ubavuni. Katika upepo wa meta 5 kwa sekunde, momenti ya kupindua ni 225 × 3, yaani 675. Katika upepo wa meta 7 ni 1,323. Katika upepo wa meta 10 ni 2,700.

Ni nini kinachoipinga? Kwanza ni watu. Ngalawa, ambayo kwa desturi huchongwa kutokana na gogo la mwembe, ni nyembamba mno kuweza kusimama yenyewe na tanga. Lakini ina mirengu, ile miti iliyolazwa kukingama chombo, na ncha za mirengu hiyo hushika ndubi, yaani vibao viwili vya pembeni. Baharia mwenye kilo 65 akikaa juu ya mrengu upande wa joshini, utokako upepo, meta 2 kutoka katikati ya chombo, huleta momenti ya 650 × 2, yaani 1,300.

Sasa tulinganishe. Kwa upepo wa meta 5, mtu mmoja anatosha na kubaki. Kwa upepo wa meta 7, mtu mmoja ametumika wote, hakuna akiba. Kwa upepo wa meta 10, hata watu wawili, ambao momenti yao ni 2,600, hawatoshi.

Kizuizi cha pili ni ndubi ya upande wa demanini, uendako upepo. Hii huegemea maji na kukataa kuzama. Lakini lazima tuelewe inavyofanya kazi. Ndubi ya namna yetu si gogo nene lenye kuelea sana; ni ubao mrefu uliowekwa mshazari, nao hupata nguvu nyingi ya kuinua kutokana na mwendo, kama jiwe bapa linavyoruka juu ya maji likirushwa kwa kasi. Chombo kikienda, ndubi hubeba. Chombo kikisimama ghafla, kwa kukwama au kwa kukosea kugeuza, ndubi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na wakati huohuo tanga bado limejaa upepo. Kwa hiyo si busara kumhesabu ndubi kama baharia wa kudumu. Yeye ni msaidizi anayefanya kazi mwendo ukiwapo.

Kanuni ya tanga dogo

Hadi hapa habari inaonekana kuwa mbaya, kwa kuwa upepo huongeza kani kwa kipeo cha pili. Lakini hesabu ina upande wake wa huruma. Tanga likipunguzwa, mambo mawili hupungua kwa pamoja: eneo hupungua, na kitovu chake hushuka.

Tuchukue tanga la pili lenye umbo lilelile, ila kila upande ni robo tatu ya ule wa kwanza. Pande zake zitakuwa meta 5.25, 4.5 na 3.75. Eneo lake si robo tatu ya 15, bali ni 15 × 3/4 × 3/4, yaani karibu meta 8.4 za mraba. Kitovu nacho hushuka hadi meta 2.25. Katika ule upepo wa meta 10 kwa sekunde, kani itakuwa nyutoni 504, na momenti ni 504 × 2.25, yaani 1,134. Mtu mmoja anaimudu. Tanga kubwa lilihitaji zaidi ya watu wawili.

Kwa maneno mengine, momenti ya kupindua hufuata kipeo cha pili cha kasi ya upepo na kipeo cha tatu cha urefu wa tanga. Kutokana na hayo tunapata kanuni rahisi ya kukumbuka: upepo ukiongezeka mara 2, chombo kitabaki na usalama uleule ikiwa eneo la tanga litapunguzwa hadi takriban sehemu 2 kwa 5. Si lazima kulipunguza hadi robo, kama mtu angedhani kwa kutazama kani peke yake. Anayepunguza tanga hupata faida kubwa kuliko kitambaa anachokiacha.

Upepo wa kweli na upepo unaohisiwa

Kuna jambo jingine ambalo limewatia watu wengi hatarini. Tanga halijui upepo uvumao juu ya bahari. Linajua upepo unaolifikia likiwa katika mwendo. Apandaye baiskeli siku ya shwari hupata upepo usoni, ingawa majani ya minazi hayatikisiki.

Kisiwa cha Kwale kipo kusini mwa Fumba. Wakati wa kusi, ngalawa inayokwenda huko huupanda upepo, na inayorudi husukumwa nao. Tuseme upepo wa kweli ni meta 7 kwa sekunde na ngalawa inakwenda meta 3 kwa sekunde. Ikienda kwa bisho, kwa pembe ya digrii 60 kutoka utokako upepo, kasi mbili hujumlishwa kwa njia ya vekta, na upepo unaohisiwa ni karibu meta 8.9. Ikirudi upepo ukiwa nyuma, kasi hutolewa: 7 − 3, zinabaki meta 4 tu.

Tukiziingiza namba hizo katika kanuni yetu, tanga la meta 15 za mraba hupata karibu nyutoni 711 wakati wa kupanda, na nyutoni 144 wakati wa kurudi. Upepo wa kweli ni uleule, lakini kani moja ni karibu mara 5 ya nyingine.

Hatari ipo katika kurudi. Chombo kinakwenda vizuri, jua ni kali, abiria wanahisi upepo umelala, na hakuna anayefikiria kupunguza tanga. Mara nahodha analazimika kugeuza omo kuelekea utokako upepo: labda kofia ya mtu imeanguka, labda kuna mwamba mbele, labda mwenzao anaomba msaada. Katika muda wa kugeuza tu, kani imekuwa mara 5, nayo sasa inatoka ubavuni. Mabaharia wazoefu hutazama maji, si shavu lao, wanapokadiria upepo wakati wa kurudi. Fizikia inawaunga mkono kabisa.

Je, tanga kubwa ndilo lenye mbio?

Vijana wapendao resi watasema kwamba usalama ni jambo jema, lakini ushindi ni wa tanga kubwa. Hilo ni kweli upepo ukiwa mdogo. Chombo kikienda polepole, maji hukizuia kwa nguvu inayokaribia kufuata kipeo cha pili cha mwendo. Kwa sababu hiyo, mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha asili cha eneo la tanga. Atakaye mwendo wa asilimia 10 zaidi lazima aongeze tanga kwa asilimia 21. Faida ipo, ila bei yake ni kubwa.

Upepo ukikaza, hata faida hiyo huanza kutoweka. Katika miaka ya 1870 mhandisi Mwingereza, William Froude, alivuta mifano midogo ya meli katika birika refu la maji huko Torquay, akachunguza jinsi chombo kinavyotengeneza mawimbi yake chenyewe. Chombo kikifikia mwendo ambao wimbi lake lina urefu sawa na urefu wa chombo, huwa kana kwamba kinapanda mlima usiokwisha. Mwendo huo, kwa meta kwa sekunde, ni karibu 1.25 mara kipeo cha pili cha asili cha urefu wa chombo majini. Kwa chombo cha meta 6, ni karibu meta 3.1 kwa sekunde, yaani maili 6 za baharini kwa saa. Ngalawa, kwa kuwa ni nyembamba, inaweza kuuvuka mpaka huo, lakini kwa gharama.

Tena tanga likizidi, chombo hulala, ndubi ya demanini huzama na kuburuta maji, usukani hulazimika kukazwa upande mmoja ili chombo kisigeuke chenyewe, na mabaharia hupoteza muda kwa kuteka maji. Kila kimoja kati ya hivyo ni breki. Ndiyo sababu siku ya upepo mkali mtu anaweza kuona chombo chenye tanga dogo kikiwapita wenye matanga makubwa, bila hata kuonekana kina haraka.

Mfano kutoka ng'ambo

Mwandishi wa makala haya alipokuwa masomoni Ulaya alishangaa kuona kwamba wenye mashua za starehe na mashindano huko wanasumbuliwa na swali lilelile la Fumba. Mashua zao huwa na tanga kuu nyuma ya mlingoti na tanga la mbele lenye pembe tatu. Ukubwa wa tanga la mbele hutajwa kwa asilimia. Tanga linaloenea kuanzia kamba ya omo hadi kufikia mlingoti tu huitwa la asilimia 100. Linaloupita mlingoti kwenda nyuma kwa nusu ya nafasi hiyo ni la asilimia 150.

Tanga hilo kubwa lilipata sifa mwaka 1926, Msweden aitwaye Sven Salén alipolitumia katika mashindano huko Genoa, Italia, na hadi leo hujulikana kwa jina la mji huo. Lakini sababu mojawapo ya kupendwa kwake ilikuwa kanuni za mashindano. Katika kanuni nyingi za wakati huo, kilichopimwa ni nafasi ya pembe tatu iliyo mbele ya mlingoti. Kitambaa kilichozidi nyuma ya mlingoti hakikuhesabiwa, au kilihesabiwa kidogo. Tanga kubwa lilikuwa zawadi ya bure. Mtu wa safari za kawaida aliyeiga washindani hao alijikuta na tanga zito, lisilomudiwa na watu wawili, na lisilofaa upepo ukikaza.

Funzo ni kwamba tanga la resi na tanga la kazi si lazima liwe moja. Katika resi, chombo huweza kubeba watu wa ziada wa kukaa mirenguni, safari ni fupi, na vyombo vingine vipo karibu kusaidia. Mvuvi anayerudi na mwenzake mmoja, nyavu zimelowa na jua linakuchwa, hana hata kimoja kati ya hivyo.

Njia za kupunguza tanga

Tanga la foromali lina uzuri mwingi, lakini lina kasoro moja: si rahisi kulipunguza likiwa juu. Kwa sababu hiyo majahazi makubwa ya Ghuba, ambayo yalifika Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, yalichukua zaidi ya tanga moja, likiwamo dogo la upepo mkali. Mwandishi Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika mwaka 1938 na 1939 kwa jahazi la Kuwait hadi Unguja na delta ya Rufiji, alieleza kwa kirefu maisha ya vyombo hivyo na matanga yao.

Kwa ngalawa, njia zilizopo ni hizi. Kwanza, kuchukua tanga la pili lililo dogo, pamoja na foromali yake fupi kama nafasi ipo. Pili, kukunja sehemu ya tanga na kuifunga kwenye foromali kabla ya kutweka. Njia hii husaidia, lakini mikunjo hufanya tanga livimbe vibaya, na tanga lililovimba husukuma zaidi kwa ubavuni kuliko mbele. Wenye mashua za Ulaya wanaoviringisha tanga lao la mbele hukutana na tatizo hilohilo. Tanga kubwa lililokunjwa si sawa na tanga dogo lililoshonwa. Tatu, kulegeza demani, ile kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, ili upepo umwagike. Hii ni dawa ya dharura, na ni dawa nzuri, mradi demani isiwe imefungwa kwa fundo gumu. Nne, kutua tanga kabisa.

Umri wa kitambaa nao una sehemu yake. Tanga lililochakaa hulegea na kufanya tumbo. Eneo lake kwa kipimo cha utepe ni lilelile, lakini chombo hulala zaidi na kwenda kidogo. Mwenye tanga la namna hiyo apunguze mapema kuliko mwenye tanga jipya.

Kusoma upepo bila chombo cha kupimia

Mwaka 1805 afisa wa majeshi ya majini ya Uingereza, Francis Beaufort, alitunga kipimo cha upepo. Inafaa kukumbuka kwamba hakukifungamanisha na kasi ya hewa, bali na kiasi cha matanga ambacho manowari iliweza kubeba. Kasi ziliongezwa baadaye. Hivyo swali la nahodha wa Fumba ndilo lililozaa kipimo kinachotumika duniani hadi leo.

Kwa chombo cha mfano wetu, chenye mtu mmoja juu ya mrengu na bila kutegemea ndubi, hesabu inatoa eneo la tanga kama ifuatavyo:

Kiwango cha 3. Upepo hadi meta 5.4 kwa sekunde. Vichwa vya mawimbi vinaanza kuvunjika, povu hapa na pale. Tanga hadi meta 21 za mraba.

Kiwango cha 4. Upepo hadi meta 7.9, povu jeupe mara kwa mara. Tanga la meta 13 hivi.

Kiwango cha 5. Upepo hadi meta 10.7, povu jeupe kila upande, rasharasha inaanza. Tanga la meta 8 hadi 9.

Kiwango cha 6. Upepo hadi meta 13.8, mawimbi makubwa, rasharasha nyingi. Hesabu inasema meta 6, lakini busara inasema kubaki pwani.

Namba hizi ni za upepo unaohisiwa, na ni za chombo kimoja cha mfano. Chombo kingine kitakuwa na zake. Tena upepo haupulizi sawasawa. Huja kwa vishindo. Kishindo kinachozidi wastani kwa mara 1.4 huongeza kani karibu mara 2. Basi achague tanga kwa kishindo, si kwa wastani.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa redio na kwa simu. Mara nyingi husikika kwamba upepo utafikia kilometa 40 kwa saa na mawimbi meta 2. Msikilizaji agawe kilometa hizo kwa 3.6, atapata meta 11.1 kwa sekunde. Tanga letu la meta 15 lingepata nyutoni 1,111 na momenti ya 3,333, yaani lingehitaji watu watatu mrenguni. Tahadhari ya redioni, ikigeuzwa kuwa namba ya watu, hueleweka upesi zaidi.

Kazi kwa wanafunzi

Walimu waliopo karibu na pwani wanaweza kuwapeleka wanafunzi, kwa ruhusa ya wenye vyombo, wakapime kwa utepe pande tatu za tanga na urefu wa mrengu. Walio mbali na bahari watumie namba hizi.

1. Tanga lina pande za meta 6, 5 na 5. Tafuta eneo lake kwa kanuni ya Heron, kisha kani yake katika upepo wa meta 8 kwa sekunde. (Jibu: meta 12 za mraba, karibu nyutoni 461.)

2. Kitovu cha tanga hilo kipo meta 2.5 juu ya maji. Je, mtu wa kilo 60 akikaa meta 2 kutoka katikati ya chombo anatosha? (Jibu: momenti ya kupindua ni karibu 1,152, ya mtu ni 1,200. Anatosha, lakini kishindo kimoja kinamshinda.)

3. Mwulize nahodha mmoja ni dalili gani humfanya apunguze tanga. Jaribu kuzieleza kwa kutumia kanuni za makala haya.

Swali la tatu halina jibu mwishoni mwa ukurasa. Huenda mwanafunzi akarudi na dalili ambayo makala haya hayakuitaja, na hapo ndipo utafiti huanzia. Lakini jambo moja nahodha na hesabu watakubaliana bila shaka: wakati wa kupunguza tanga ni pale mtu anapoanza tu kujiuliza kama apunguze. Tahadhari kabla ya hatari.